Muongo wa Papa: Kufunga Chambo cha Mpira cha Kuvulia Mukeke

Komite ya shirika letu ilituomba tuandike juu ya mila moja ya nyumbani ambayo vijana wa leo wanaelekea kuisahau. Wenzetu wameandika juu ya mahari, wengine juu ya majina ya mapacha, wengine juu ya ngoma. Sisi tumechagua kitu kidogo kisichopita urefu wa kidole cha mwisho: chambo cha uongo cha kuvulia mukeke, ambacho marehemu papa yetu alikuwa anakifunga kwa manyoya ya jogoo na kipande cha kambambili kuukuu. Nyumbani kwetu Kalundu kiliitwa muongo. "Leteni ule muongo," papa alisema, nasi tulijua anataka nini.

Tulipotaja kichwa cha habari yetu, mmoja wa wanakomite alicheka mbele ya wote: "Mwalimu, hata kambambili nayo imekuwa mila?" Tutamjibu mbele kidogo. Lakini tukubali tangu sasa kama hatuandiki juu ya mpira tu. Kuna jambo ambalo tumelificha kwa miaka mingi, na kijitabu hiki kimetupatia nafasi ya kulisema.

Kwanza ziwa lenyewe, kwa maana mtu asiyejua ziwa hawezi kuelewa kwa nini muongo unahitaji kuelea. Tanganyika ina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake mahali pa mbali kabisa ni mita 1,470. Lakini sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki. Chini ya mita 100 au 200 hivi, kulingana na upande wa ziwa, oksijeni inakwisha. Uzima wote uko katika tabaka la juu. Usiku wadudu wadogo wa majini wanapanda, ndakala wanawafuata, na mukeke wanawafuata ndakala. Ndiyo sababu mvuvi wa mukeke anatoka saa ya jioni na taa, na ndiyo sababu mwezi ukijaa anabaki nyumbani kushona nyavu: mwanga ukiwa kila mahali, taa ya mtumbwi haiiti mtu.

Mukeke, wanafunzi wetu wa biolojia wanajua, katika vitabu anaitwa Lates stappersii, kwa jina la daktari Mbelgiji Louis Stappers aliyepita kwenye ziwa letu kuchunguza samaki kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Sisi hapa hatukumngoja daktari huyo ili tumjue mukeke. Ni samaki mrefu, mwembamba, mwenye kinywa cha mwizi, na akichomwa kwenye makaa na ndimu na pilipili, hata mgeni asiyependa samaki anaomba mkia.

Papa hakuwa na katamara, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, yenye nyavu kubwa katikati na taa nyingi. Hiyo ni kazi ya mwenye mali na ekipe yake. Yeye alikuwa na mtumbwi mmoja wa kuazima, taa moja ya petroli ya kupampu, na mshipi. Mshipi wake ulikuwa uzi mnene wa nailoni wenye risasi chini, na juu ya risasi matawi 12 ya uzi mwembamba, kila tawi na ndoana yake, na kutoka tawi hadi tawi urefu wa mkono mmoja. Hakutia nyama wala kipande cha ndakala kwenye ndoana. Alitia muongo. Mkono wake ulipandisha na kushusha, kupandisha na kushusha, usiku mzima, ili chini ya mwanga waongo wale waonekane kama ndakala wanaocheza. Mukeke anashambulia bila kuuliza.

Zamani papa alifunga kwa manyoya peke yake, ya shingo ya jogoo mweupe. Kwa nini yakaingia mambo ya kambambili? Hapa tunafika kwa jibu la yule mwanakomite.

Mwezi wa kumi 1996 vita ilipofika Uvira tulikuwa na miaka 16. Tulishuka upande wa Fizi kwa miguu, kisha tukavuka ziwa usiku mpaka Kigoma. Mama alibeba masufuria na mtoto, papa alibeba kisanduku cha bati cha ndoana. Mama alimgombeza njia nzima juu ya kile kisanduku. Tukapelekwa kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, mahali penye miti na vumbi jekundu, na ziwa liko mbali hata harufu yake haifiki. Kutoka kambini bila kibali hakukuruhusiwa. Mvuvi bila maji, mtu atafanya nini? Papa alipanga foleni ya unga na maharagwe kama wote, na jioni alifungua kisanduku chake na kufunga waongo. Alifunga kwa ziwa ambalo hakuliona. Majirani walifikiri akili imemtoka.

Tatizo likawa manyoya. Jogoo wa kambini walikuwa wa kuhesabu, na mwenye jogoo hakubali mtu amnyonyoe shingo. Kambambili zilizokatika, kinyume chake, zilikuwa kila mahali, njiani, kwenye majalala, nyuma ya vyoo. Papa alichukua moja ya rangi nyeupe, akaiosha, akaikata kwa wembe, akafunga kipande chake juu ya ndoana, akaweka nyoya moja tu nyuma kama mkia. Akaitupa ndani ya ndoo ya maji. Ikaelea. Papa aliinama juu ya ile ndoo kwa muda mrefu sana. Tunakumbuka maneno yake: "Huyu hataangukia uzi. Huyu atasimama pembeni."

Maana ya maneno hayo tuliielewa baadaye, tukiwa mwalimu. Tawi lenye manyoya tupu linalegea na kushikamana na uzi mkubwa. Mvuvi akivuta, matawi mawili yanasokotana, na kufungua fundo la nailoni gizani ni adhabu. Lakini chambo chenye mpira kinavutwa kwenda juu na maji yenyewe, basi kinakaa mbali na uzi mkubwa, na mkono ukishusha, chenyewe kinabaki nyuma kidogo, kinashuka polepole kama samaki aliyechoka. Ni kanuni ya Archimède, ile tunayofundisha kila mwaka kwa chaki. Papa hakusoma zaidi ya mwaka wa nne wa shule ya msingi.

Sasa, kuhusu mila. Ndoana ya chuma ilitoka dukani. Nailoni ilitoka dukani. Kabla ya taa za petroli wazee waliwasha moto wa kuni na matete mbele ya mtumbwi na kuchota ndakala kwa lusenga, ile nyavu ya mkono yenye kipini kirefu. Kisha miaka ya 1950 Wagiriki wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, wakaleta nyavu kubwa za kuzungusha, na katamara zikafuata. Leo taa za betri zimefukuza zile za petroli. Tukiondoa kila kilichonunuliwa, mvuvi wa Kalundu atabaki uchi ndani ya maji. Mila ya papa haikuwa ndani ya mpira. Ilikuwa ndani ya namna ya kufunga, na ndani ya mwiko mmoja ambao tutausema.

Tueleze basi namna ya kufunga, kwa yule atakayetaka kujaribu.

Mpira wa godoro usitumie kamwe. Ule wa godoro una matundu yanayopitana, unakunywa maji kama mkate ndani ya chai, na baada ya dakika chache unazama. Wa kambambili una vyumba vidogo vilivyofungwa, kila kimoja na hewa yake, maji hayaingii. Chagua kambambili nyepesi; zile nzito zilizochanganywa na kaucho ngumu hazifai. Kata ukanda wenye unene wa njiti mbili za kiberiti na urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Ncha ya nyuma ichongwe iwe nyembamba.

Ndoana inabanwa ndani ya kijiti kilichopasuliwa, kijiti kinafungwa na mpira wa ndani ya gurudumu la kinga, halafu kinashikwa katikati ya magoti. Chukua uzi mweusi wa mshonaji, upitishe kwenye buji mara mbili tatu ili ushike. Zungusha uzi juu ya mgongo wa ndoana kutoka jichoni hadi mwanzo wa kipindo, nyuzi zikae karibu karibu kama nyuzi za gitaa zilizosongwa. Wengi wanaruka hatua hii. Chuma kikiwa mtupu, mpira utazunguka, na muongo utaogelea na tumbo juu.

Pale kwenye kipindo funga nyoya, au mawili yanayopeana migongo. Nyoya la shingo, siyo la bawa: la bawa ni gumu, linasimama kama fagio, na la shingo linapumua. Papa aliongeza ukanda mwembamba wa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara, kwa kung'aa. Halafu funga ncha nyembamba ya mpira pale pale, mpira wenyewe ukiangalia nyuma. Peleka uzi mbele hadi karibu na jicho la ndoana. Kunja mpira juu ya mgongo kuelekea mbele, ubane.

Hapa kwenye kubana ndipo watu wanaharibu. Uzi ukivutwa kwa nguvu mara ya kwanza unakata mpira kama kisu kinavyokata siagi. Mzunguko wa kwanza uwe wa kulala tu, wa pili ushike, wa tatu ndio uvute. Acha kichwa kidogo cha mpira mbele ya uzi, ndicho kinachosimamisha chambo.

Kisha fundo la mwisho. Tutarudi kwenye fundo hili, kwa sababu ndilo lililotuumbua.

Muongo uliokwisha kufungwa unapimwa ndani ya beseni. Ukikaa tumbo chini na mkia ukining'inia kidogo, umepita. Ukilala ubavu, papa aliuita mulevi, na mulevi anakatwa na wembe, ndoana inarudi kisandukuni. Hakuwa na huruma hata kama amefanya kazi ya saa nzima.

Jambo moja zaidi, la elimu. Waongo wa mpira papa aliwaweka kwenye matawi ya juu tu, wale wa manyoya matupu akawaweka chini. Tulimuuliza sababu. "Kule chini maji inaikamua," alijibu. Ni kweli kabisa: kila mita 10 za maji zinaongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na kwenye mita 30 hewa iliyomo ndani ya mpira imebanwa sana, mpira umekuwa mdogo, hauelei tena sawasawa. Ukipandishwa unavimba tena. Aliligundua kwa kutazama tu, tena baada ya kurudi, kwa sababu kambini ndoo ilikuwa na kina cha mkono.

Tulirudi mwaka 2005 kupitia Baraka. Papa alirudi ziwani mwezi ule ule. Sisi tulikwenda Bukavu kusoma ISP, idara ya biolojia na kemia, na minervali yetu ililipwa na mukeke. Tuseme ukweli: tulikuwa na haya. Wenzetu walipouliza kazi ya papa tulijibu "biashara". Likizo tuliporudi nyumbani hatukupenda kukaa karibu na kisanduku, harufu inaingia kwenye shati. Papa alitufundisha kufunga tulipokuwa kijana wa kambini, na tulikuwa tunajua hatua zote, isipokuwa ile ya mwisho, fundo, ambalo vidole vyetu havikulipata kamwe. Kila tulipojaribu lilifunguka. Alikuwa anatunyang'anya na kulimaliza mwenyewe. Tulifikiri iko siku tutajifunza.

Sasa tuseme habari ya dada yetu.

Mdogo wetu wa kike alizaliwa 1988. Kule kambini ndiye aliyemshikia papa taa, jioni baada ya jioni, akiwa na miaka tisa, kumi, kumi na mmoja. Kushika taa tu. Kwa maana mwiko wa nyumbani kwetu, na wa wavuvi wengi tuliokua nao, ulikuwa huu: mwanamke hagusi ndoana, wala haruki mshipi uliolala chini. Akigusa, ndoana "inalala", haitashika tena. Mama aliufuata mwiko huo maisha yake yote. Alipofagia alizunguka kisanduku kama mtu anayezunguka kaburi.

Mtoto anayeshika taa anaona kila kitu. Anaona vizuri kuliko mwenye kazi, kwa sababu yeye hana kazi ila kuangalia.

Miaka ya 2008 au 2009 macho ya papa yalianza kuingia ukungu. Alivua bado, mkono haukuhitaji macho, lakini kufunga hakuweza tena. Na bado kila mwezi wa giza waongo wapya walikuwa ndani ya kisanduku, wazuri, wanyoofu, kichwa kidogo mbele. Wavuvi wenzake walianza kuomba nao. Walimuuliza nani anamfungia. Papa alijibu: "Mwanangu, ule mwalimu. Anafunga akitoka masomoni."

Sisi tulipata habari hiyo kwa mzee mmoja aliyetusimamisha njiani na kutupatia mukeke wanne wakubwa, wa asante. Tulielewa papo hapo. Tungeweza kusema, "Mzee, si sisi." Hatukusema. Tulichukua samaki, tukashukuru, tukaenda nyumbani, tukamkuta dada yetu anapika. Tulimwonyesha samaki. Aliwaangalia, akatuangalia sisi, akasema tu, "Wako wazuri, yaya." Akawatengeneza.

Ilikuwa hivyo kwa miaka. Papa alifariki 2016, na wavuvi wakaja msibani wakamwambia kila mtu kama mkono wa marehemu umebaki kwa mwanawe mwalimu. Baada ya msiba komande zikaendelea. Mtu anakuja shuleni, anasema, "Mwalimu, nifungie 24, mwezi unakwisha." Tunapeleka neno kwa dada, usiku anafunga, asubuhi tunabeba ndani ya mkoba wetu wa madaftari. Pesa tulimpa yote, hatukutoa hata faranga, Mungu ni shahidi. Lakini sifa tulibaki nayo, na samaki wa asante waliliwa nyumbani kwetu. Yeye wakati ule alikuwa mjane na watoto watatu.

Msomaji atauliza kwa nini papa aliongopa. Hatujui kama aliogopa wenzake watawatupa waongo ziwani, au alitaka kumlinda binti yake na maneno ya watu, au alitamani tu kwamba mwana wake wa kwanza angekuwa ndiye. Hatukumuuliza. Sisi kwa upande wetu sababu tunaijua: ilitupendeza. Mwalimu asiyelipwa vizuri, ambaye wazazi wanamlalamikia kila mwezi juu ya primi, alipata mahali ambapo wanaume walimsalimu kwa heshima.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020 mvua kubwa ilinyesha, na mto Mulongwe ukatoka njia yake. Watu wengi walikufa Uvira, nyumba nyingi zilikwenda. Nyumba ya papa ilipoteza ukuta wa nyuma na chumba kizima, na kisanduku cha bati kikaenda na maji. Tulikitafuta kwenye matope siku tatu. Waongo watatu tu walibaki, kwa kuwa tuliwatumia darasani kufundishia Archimède na walikuwa ndani ya droo.

Yule mzee wa mukeke wanne alipoteza vyombo vyake vyote mwaka huo. Baadaye alikuja na mjukuu wake, kijana wa miaka 13. "Mwalimu," alisema, "mimi nimezeeka, wewe utakufa, nani atabaki? Mufundishe huyu." Tulijaribu kukwepa, tukataja mitihani, tukataja kikao. Mzee alikaa chini. Kijana alitoa mfukoni kambambili iliyooshwa, wembe, uzi, nyoya. Alikuwa ametayarisha kila kitu.

Tulianza. Tulieleza mpira wa godoro, tukaeleza uzi wa kwanza, tukaeleza nyoya la shingo. Kwa kueleza hatushindwi. Tukakunja, tukabana. Tukafika kwenye fundo. Vidole vikakataa. Tulizungusha mara ya kwanza, likafunguka. Mara ya pili uzi ukakata mpira, kichwa kikaanguka juu ya meza. Kijana aliokota kile kichwa, akakiweka mbele yetu kwa adabu. Mzee hakusema kitu. Tulimwambia macho yetu yanasumbua, warudi wiki ijayo.

Jioni ile tulikwenda kwa dada na kumwomba atufundishe fundo. Alicheka mpaka akakaa.

"Yaya, miaka yote hiyo unabeba, haujuake kufunga?"

"Nionyeshe."

"Usivute na nguvu. Kata kauzi kengine, kunja kati, kalaze huku juu ya mugongo, hivi, kitanzi kiangalie mbele. Sasa zungusha uzi wako juu yake mara sita. Umeona? Ncha ya uzi ingize mu kitanzi. Sasa vuta kale kauzi. Kanatoka na ncha, inalala chini ya zile sita. Bas. Haitafunguka hata ukufe."

Alifanya kwa muda wa pumzi mbili. Kumbe papa alilifanya kwa vidole viwili tu, bila uzi wa pili, ndiyo sababu hatukuliona. Dada alipokuwa mtoto vidole vyake vilikuwa vifupi, akatafuta njia yake mwenyewe. Kwa hiyo fundo ambalo Kalundu nzima iliita fundo la mzee halikuwa la mzee. Tulijaribu mara kumi na tukapata mbili.

Wiki iliyofuata hatukumngoja kijana shuleni. Tulimwambia dada hali ilivyo. Alinyamaza akipepeta mchele, kisha akasema: "Mulete kwangu. Na mzee naye akuye, asiseme tulimuibia mutoto." Tulimkumbusha mwiko. Alijibu, "Ndoana nazigusa tangu papa akiwa muzima. Zililala?"

Mzee alikuja. Alisimama mlangoni, akaona mwanamke ameshika kijiti katikati ya magoti, ndoana inang'aa, manyoya juu ya kitenge. Tulikiri mbele yake, maneno machache, kwa kuwa koo lilikauka. Alituangalia kwa muda, na tungependelea angetutukana. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaangalia mikono ya dada yetu kuanzia uzi wa kwanza mpaka beseni. Muongo ukakaa tumbo chini. Mzee aliuchukua, akaugeuza, akaupima kwa kucha. "Njo huyu," alisema. Aliomba 24. Alipoinuka akaongeza: "Lakini wa pwani musiwaambie."

Kijana hakuwa na siri ya kuweka. Baada ya siku chache habari ilifika pwani yote. Wavuvi watatu walirudisha waongo wao, mmoja aliwatupa mlangoni kwetu bila kusalimu, akisema tumemlisha uchafu kwa miaka kumi. Tulimkumbusha kama kwa miaka kumi hiyo alikuwa anashika samaki. Akasema ndiyo maana siku hizi mukeke wamekwisha. Kwa watu wa namna hiyo hata watafiti wa kituo cha hydrobiolojia cha Uvira, wanaochunguza ziwa hili tangu zamani, hawana la kueleza. Wengine walinyamaza na kuendelea kununua, ila sasa wanatuma watoto. Wawili, vijana, wanakwenda kwa dada wenyewe, wanakaa, wanaleta kambambili zao na kuchagua rangi.

Hatusemi miko yote itupwe. Kuna miko ya ziwa inayolinda watu, kama ule wa kutotoka mtumbwi mmoja peke yake upepo wa kusini ukianza, na tungetaka vijana waushike. Huu mwingine hatukupata mtu hata mmoja wa kutueleza unalinda nini.

Tulipomaliza kuandika kurasa hizi tulimpelekea dada na kumsomea, kwa kuwa jambo ni lake kuliko letu, na kama angekataa tungezichana. Alisikiliza huku akifunga. Alitusimamisha mahali pawili. Tulikuwa tumeandika uzi uzungushwe mara tano. Alisema ni sita, tano ni za mtu mwenye haraka. Na pale tulipoandika kwamba alituangalia tu siku ya wale mukeke wanne, alisema: "Sikukuangalia tu. Nililia usiku. Lakini hiyo uache, ao uandike, ni sawa."

Kisha akauliza kama kijitabu kitafika Kalundu. Tulimwambia nakala chache zitafika, kwa walimu na kwenye paroko.

"Basi andika kama nafunga siku ya posho na jumatano," alisema. "Jumapili nakataa. Na kila mutu alete ndoana yake."

Alitupa muongo aliokuwa nao ndani ya beseni. Ulilala ubavu. Akachukua wembe.